Uthibitisho wa Dadi Kondo

Siku ya Jumatatu, wiki ya nane tangu azikwe kaka yake, Mwanvita Kondo alifanya kazi aliyokwisha kuifanya mara arobaini na ushei, akaikosea, wala moyo haukumwambia kitu. Alibonyeza kitufe cha kutoa, akafunika kompyuta, akaenda kuchambua mchele.

Kazi yenyewe watu hawajui hata kama ipo. Kila nchi ina sheria yake ya mawimbi: masafa gani ruhusa, masafa gani marufuku, na kwa nguvu kiasi gani. Sheria za nchi zote zimekusanywa katika faili moja. Kompyuta ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea mashine, ikiwashwa hujiuliza kwanza iko nchi gani, kisha hufungua faili hilo na kusoma imeruhusiwa kusema vipi hewani. Isipolikuta faili, au isipoliamini, hujihesabu mgeni asiyejua amefika kwa nani, ikanyamaza kwenye masafa yote yenye mashaka. Sheria zikibadilika, faili hubadilika, na mtu lazima alichukue faili jipya, alifungashe, alitoe. Linux nayo haina mgawaji mmoja. Vikundi ni vingi, kila kikundi kina ugawaji wake, yaani Linux kama wanavyoifungasha wao, na kila ugawaji una matoleo yake, jipya, la kati na la zamani. Katika ugawaji mmoja wa watu wa kujitolea, walio nchi thelathini wasioonana kwa macho, mwenye kulitoa faili hilo kwa matoleo yote matatu ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mkazi wa Kichangani, Morogoro mjini, mwenye nyumba ya tofali za kuchoma na vyumba viwili vya wapangaji.

Hakusomea chuo. Alianza akiwa binti katika chumba cha simu ya upepo kwenye shamba la miwa upande wa Turiani. Alivaa visikilizio masikioni kuanzia saa moja asubuhi, akiita mizani, akiita karakana, akiita malori yaliyokwama kwenye matope. Chumba kile kilikuwa na amri moja iliyobandikwa ukutani: ujumbe haujafika mpaka aliyeupokea ausome tena kwako, neno kwa neno. Ukisema tani kumi na nne, usiondoke mpaka usikie tani kumi na nne kutoka upande wa pili. Siku hizi mtu anatuma maneno, anaona alama mbili zimejichora pembeni, anaridhika kana kwamba alama ni mtu.

Minara ya simu ilipokuja chumba kilifungwa, visikilizio vikatupwa stoo, na Mwanvita akarudi mjini na kompyuta mbovu aliyopewa badala ya kuagwa. Akajifunza peke yake, kamusi mkono mmoja, sidii za bure zilizokuja kwa posta mkono wa pili. Siku moja akagundua kwamba mstari wa Tanzania katika faili la mawimbi ulikuwa umepitwa na wakati, akawaandikia wenye faili. Wakamshukuru, wakamwomba aangalie na mstari mwingine. Aliyekuwa akilifungasha kwa kikundi kabla yake akachoka, akamwachia. Imepita miaka kumi na moja.

Amri ya chumba cha simu ya upepo aliihamishia huku. Kila alipotoa sasisho hakuamini majaribio ya mitambo, kwa sababu mitambo ile hujaribu kwenye kompyuta za kubuni, zisizo na redio wala antena. Alitaka mtu aliyekaa mbele ya mashine halisi, amsomee kwa simu kinachoonekana. Vijana wa kikundi walimcheka, wakaita desturi hiyo ibada ya bibi. Hakujali. Kwa toleo jipya alisomewa na mwalimu mmoja wa Mlali. Kwa toleo la kati alijisomea mwenyewe. Kwa toleo la zamani, msomaji wake alikuwa kaka yake.

Kaka yake aliishi Mng'ongo, saa tatu za kupanda kutoka Mlali, mahali ambapo kabichi hushushwa kwa kichwa na ukungu huingia ndani ya nyumba bila hodi. Ndiye aliyeziunganisha zahanati sita za milima ile na mji, kwa visanduku sita vilivyorushiana mawimbi kutoka tuta hadi tuta, kuanzia cha Mng'ongo kinachotazamana na mji, vyote vikitumia toleo la zamani maana kumbukumbu yake ni ndogo na toleo jingine lingevilemea. Kila kisanduku alikitia laini ya simu ya akiba, ya mwendo wa konokono, inayotosha kuvuta marekebisho alfajiri na si zaidi. Mwanvita akitoa sasisho, kaka yake alikaa kwenye kigoda, akaiweka simu begani, akasoma: nchi ni Tanzania, masafa haya mpaka haya, nguvu kiasi hiki. Alisoma polepole kama mtu anayesoma hukumu. Akimaliza aliingia katika akaunti yake ya kikundi na kuthibitisha.

Akafa mwezi wa pili, homa ya siku nne.

Kwa hiyo Jumatatu ile hapakuwa na wa kumpigia. Majaribio ya mitambo yalirudi kijani yote, naye akatoa. Hakulia, hakuwa na huzuni hata ya kuitaja. Wiki nane alikuwa ameishi kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unaonekana, ila ukiugusa ni wa mtu mwingine.

Jumatano asubuhi akapigiwa na Veronika, muuguzi wa zahanati ya Mng'ongo. Veronika ni Mnyamwezi wa Tabora, na kwa hiyo mtani wa Waluguru, na katika miaka sita ya kukaa mlimani hajaacha siku ipite bila kuwatukana. Alikuwa amepanda juu ya jiwe ambako simu hushika.

"Shikamoo mama. Nyie Waluguru mmenikatia mtandao tangu jana. Mlikuwa mnaficha watu chini ya majani ya migomba, sasa mnaficha na mawimbi?"

Mwanvita alimwitikia, akauliza kama ni kisanduku cha pale tu. Veronika akasema ni vyote sita, ameuliza. Kuna mama mjamzito mwenye miguu iliyovimba ambaye picha na vipimo vyake alikuwa akivituma kwa daktari mjini kila siku, na tangu jana anatuma kwa kukisia, kwa kupanda jiwe. Hakuwa akitania aliposema hilo.

Mwanvita akafunua kompyuta. Ilimchukua nusu saa kulijua kosa lake, na alipolijua alilitazama tu. Mtunzaji mkuu wa faili, huko mbali, alikuwa amestaafu, na sasisho hili lilikuja na sahihi ya mrithi wake, ile alama ya siri inayoiambia kompyuta faili limetoka kwa nani. Matoleo mapya yalimjua mrithi. Toleo la zamani lilitengenezwa kabla yake; lilijua sahihi ya mzee peke yake. Likaliona faili lenye jina la mtu lisiyemjua, likalikataa bila kupiga kelele, na visanduku vyote sita vikajihesabu viko ugenini. Dawa ilijulikana: kwa toleo la zamani faili lisainiwe upya kwa sahihi ya ugawaji wenyewe, ambayo kila toleo linaijua. Hatua hiyo ilikuwa kwenye orodha ya kazi aliyoiandika kwa mkono wake. Aliiruka. Kama angekuwapo mtu wa kumsomea, mstari wa kwanza tu ungemwambia.

Akasaini upya, akalipeleka sasisho la marekebisho kwenye stoo ya majaribio. Hapo ndipo mambo yalipobana. Toleo la zamani lilikuwa linafungwa Ijumaa ile saa nane mchana. Tarehe ilitangazwa mwaka mzima kabla. Likishafungwa, haliingii kitu tena. Kilichomo ndicho kitakachobaki, kizima au kibovu. Na tofauti na sasisho la kawaida, linalopita kwa majaribio ya mitambo tu, marekebisho ya sasisho bovu hayatoki stoo ya majaribio kwenda toleo la zamani mpaka mtu mwingine, si mtoaji, ayathibitishe kwenye mashine halisi, kwa akaunti iliyotimiza siku thelathini. Kisanduku kimoja kingeweza kurekebishwa kwa mkono. Sita, juu ya matuta sita, vingehitaji mtu mwenye ujuzi na magoti, na mtu huyo alikuwa ardhini.

Alibaki mmoja wa kumpigia, na Mwanvita hakupenda kumpigia.

Dadi si jina alilopewa kaka yake alipozaliwa. Alizaliwa Faraja. Dadi ni jina la lukolo, ukoo wa mama, na lina ardhi yake pale Mng'ongo, lina kigoda chake na shoka lake. Anayelishika akifa, jina halizikwi naye. Anatafutwa mtoto wa dada yake, analikalia, na tangu saa hiyo yeye ndiye Dadi, na waliomwita marehemu kaka watamwita huyo kaka. Zamani shughuli hiyo ilichukua siku tatu. Ngoma zililia, wazee walitaja waliolishika jina mmoja mmoja mpaka wa kwanza aliyekuja na mbegu za mtama kwenye nywele, na mrithi alitolewa nje asubuhi amefunikwa shuka, watu wakimwogopa. Safari hii ilifanywa siku ya arobaini, baada ya dua, kati ya adhuhuri na alasiri, kwenye viti vya plastiki vya kukodi vilivyotakiwa kurudishwa Mlali kabla ya giza. Wapwa watano waliitwa. Wanne walikuwa na udhuru. Aliyepokea simu ni Hashimu, mtoto wa dada yao mkubwa marehemu, miaka thelathini na sita, mwenye duka la vipuri vya pikipiki Mikese. Wakamkalisha kwenye kigoda, wakampa shoka, na kwa kuwa mzee aliyetoa vitu kwenye rafu hakuwa na muda wa kuchagua, wakampa pia daftari la marehemu.

Kisha wakamwita Mwanvita asogee. Mdogo wa marehemu anamwamkia kaka yake, na huyu sasa ni kaka yake. Mwanvita alimtazama kijana ambaye yeye mwenyewe alimwogesha katika beseni utotoni. Akampa mkono, hakumwamkia. Wazee waliona, wakakohoa, wakaendelea, kwa sababu hata wazee wa sasa wana haraka.

Basi Jumatano hiyo alimpigia Hashimu. Hashimu akamwamkia, shikamoo mama mdogo, naye akaitikia marahaba. Kwa hesabu ya lukolo wote wawili walikosea, na hakuna aliyesema. Mwanvita akamweleza lililotokea na linalotakiwa. Alitegemea udhuru wa tano. Hashimu aliuliza tu kama mvua imenyesha juu, maana njia ya Mlali ikilowa huteleza kama sabuni. Akafunga duka.

Alhamisi saa nne alikuwa amekaa mbele ya kisanduku ndani ya zahanati, simu begani. Alikuwa amevuta marekebisho kwa laini ya akiba, akakizima kisanduku, akakiwasha.

"Nisome?"

"Soma unachokiona. Usinifupishie."

"Nchi, T na Z." Akasogea karibu. "Haya mengine ni namba tupu, mama mdogo. Ni nyingi kama deni la Mikese."

"Soma namba."

Akasoma. Alisoma haraka, kijana wa dukani aliyezoea kutaja namba za vipuri, na Mwanvita akamwambia arudi mwanzo, apunguze mwendo. Akarudi. Elfu mbili mia nne na mbili mpaka elfu mbili mia nne themanini na mbili. Elfu tano mia moja na sabini. Mstari kwa mstari Mwanvita aliweka alama ya penseli kwenye karatasi yake. Nyuma ya Hashimu Veronika alisikika akimwambia mtu kwamba Mluguru anafundishwa kuhesabu, waje watazame. Mstari wa mwisho ulipofika, Hashimu akasema kuna taa ya kijani imewaka pembeni na simu ya muuguzi imeanza kulia mfululizo, meseji za siku mbili zinaingia.

Mwanvita akamwambia athibitishe, akamweleza ukurasa. Hakuuliza ataingia kwa akaunti gani. Baadaye alijiuliza kwa nini hakuuliza, asipate jibu zaidi ya lile lile, kwamba wiki nane zile hakuwa anauliza chochote. Uthibitisho ukaingia. Akaenda sokoni.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuta barua ya Anastasia. Huyo ndiye msimamizi wa matoleo ya zamani, mwanamke wa nchi ya baridi ambaye Mwanvita hajawahi kuisikia sauti yake. Ni mwenye haki na asiyecheka. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuma rambirambi mwezi wa pili, Mwanvita alipoandika kwenye orodha ya kikundi kwamba Dadi Kondo, mthibitishaji wetu wa miaka minane, amefariki. Barua ilikuwa fupi. Akaunti ya rafiki yetu Dadi imetumika jana kuthibitisha kifurushi chako. Nimeifunga, na uthibitisho nimeufuta. Kutumia akaunti ya marehemu ni kosa linalomtoa mtu kwenye kikundi. Naomba maelezo kabla ya saa nane, kwa sababu saa nane tunafunga.

Visanduku vitano vilikuwa bado vimekufa. Kile cha Mng'ongo kilikuwa kinafanya kazi kwa sasisho la majaribio ambalo, likishindwa kuingia, kingelipoteza alfajiri ya kesho na kurudia lile bovu.

Akampigia Hashimu, ambaye alikuwa amelala zahanati na sasa alikuwa anajiandaa kushuka. Akamuuliza aliingiaje. Hashimu akasema namba ya siri ilikuwa kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa mjomba.

"Na hukuona ajabu kuingia kwa jina lake?"

"Ajabu ipi tena? Mmenikalisha pale mbele ya watu, mkanipa kigoda, mkanipa shoka, mkanipa na daftari. Mkaniambia wewe ni Dadi. Nimefunga duka tangu juzi kwa ajili ya u-Dadi huo." Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza. "Jana ile kompyuta ikaniuliza, wewe ni Dadi Kondo? Nikabonyeza ndiyo. Ulitaka nibonyeze nini?"

Simu ikanyang'anywa upande wa pili, akaja Veronika.

"Mama, nimesikia. Yaani nyie hata marehemu mnampangia zamu? Sisi kwetu mtu akifa anapumzika."

"Mgonjwa wako yukoje?"

"Presha iko juu. Daktari anataka ashuke. Nataka wenzangu wa zahanati za Bumba na Kisosa nao wapate mtandao, maana kule kuna wawili kama huyu na wauguzi wao hawana jiwe la kupanda." Akashusha sauti. "Sikutanii hapo."

Mwanvita akakaa. Njia zilikuwa mbili na zote alizijua. Angeweza kumwandikia Anastasia kwamba ni mpwa wangu Hashimu, hakuelewa kanuni, tusamehe. Maneno hayo Anastasia angeyaelewa papo hapo, angeyakubali, na uthibitisho ungebaki umefutwa, kwa kuwa Hashimu hana akaunti ya siku thelathini wala ya siku moja. Saa nane ingefika na visanduku sita vingebaki vimenyamaza mpaka vioze. Au angeandika walilolisema wazee siku ya arobaini. Hilo lingekuwa kweli. Kweli hiyo waliishi nayo watu wote aliozaliwa kwao, na ndiyo aliyokataa kuitamka kwa mdomo wake mbele ya kigoda.

Haikuwa uchungu uliomzuia siku ile. Alikuwa hana uchungu. Alijua tu kwamba akimwamkia huyu, yule atakuwa amekwisha.

Saa tano kasoro akaandika. Aliandika kwa Kiingereza chake cha kamusi, kisichokosea wala kupendeza. Akaunti ni ya Dadi Kondo. Aliyethibitisha ni Dadi Kondo. Alikuwa mbele ya mashine halisi, amenisomea mistari yote, nimeambatisha karatasi yangu. Kwetu jina hili ni cheo cha ukoo. Mwenye nalo akifa analishika mwingine, pamoja na nyumba, ardhi, vyombo na daftari. Akaunti ilikuwa ndani ya daftari.

Jibu likaja baada ya dakika ishirini. Mwanvita aliweza kumwona mwanamke yule, asiyemjua sura, akiisoma barua mara mbili na mgongo wake umenyooka.

Anastasia aliandika kwamba anaheshimu mila za watu, lakini kikundi kinathibitisha watu, hakithibitishi vyeo. Mwezi wa pili uliandika kwamba Dadi Kondo amekufa. Leo unaandika kwamba Dadi Kondo jana alikaa mbele ya mashine. Maneno haya mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Lipi ni la kweli?

Swali lilikuwa la haki. Mwanvita hakuona ubaya wowote ndani yake. Nje mpangaji wake alikuwa anaosha ndoo. Aliweka vidole kwenye vitufe akavitazama kama vya mtu mwingine vikiandika:

"La leo. Siku ile niliandika vibaya. Aliyekufa ni Faraja Kondo, aliyekuwa Dadi kwa miaka kumi na tisa. Dadi yupo. Yuko Mng'ongo, ana miaka thelathini na sita, mashine ameigusa kwa mkono wake. Ni kaka yangu."

Akaisoma tena mara moja, kama ilivyotakiwa katika chumba kile cha shamba la miwa, akaituma.

Saa sita ikapita. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa, wanaume wakapita njiani wamevaa kanzu, mmoja akiongea kwenye simu juu ya mbao. Zamani mtu alikuwa akisikia adhana anakata maneno. Mwanvita alitandika msala, akaswali adhuhuri yake, na alipotoa salamu aliona kwamba hakuwa ameomba chochote. Saa saba na robo hakikuwa kimekuja kitu. Saa saba na nusu Hashimu akapiga kutoka njiani, chini ya Mng'ongo, kuuliza. Akamwambia bado. Hashimu akasema atasubiri pale pale penye daraja la miti, kama akitakiwa kurudi juu asiwe mbali.

Saa nane kasoro dakika kumi na tatu Anastasia akaandika kwenye orodha ya kikundi, mahali ambapo wote wanasoma. Akaunti ya Dadi Kondo imefunguliwa. Mwenye nayo ametambulishwa na mtoaji, ambaye kikundi kimemwamini kwa miaka kumi na moja. Uthibitisho umerudishwa. Kifurushi cha sheria za mawimbi kimeingia toleo la zamani. Chini yake, kwa Mwanvita peke yake, aliongeza mstari mmoja kwamba bado haelewi, lakini ameona kwamba Mwanvita mwenyewe anaelewa.

Saa nane kamili toleo la zamani likafungwa.

Mwanvita akampigia Hashimu akamwambia imepita, ashuke tu salama. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuliandika na kulituma mpaka nchi ya baridi, na halikuwa na pa kurudi, akamwambia pia, "Ahsante kaka."

Upande wa pili mto ulisikika ukipita chini ya daraja. Hashimu akasema haya, akakata.

Alfajiri ya Jumamosi visanduku vilivuta sasisho kimoja kimoja. Saa mbili asubuhi Veronika aliandika kwamba Bumba wamepata, Kisosa wamepata, mgonjwa amebebwa kwa machela mpaka Mlali na gari limempokea, na kwamba kwa leo anawasamehe Waluguru. Mwanvita akasoma, akaweka alama ya penseli mbele ya majina sita.

Baada ya hapo hapakuwa na kazi. Kwa toleo la zamani hapatakuwa na kazi tena. Akafungua kumbukumbu za kikundi pamoja na sanduku lake la barua, miaka minane ya barua na uthibitisho, akatafuta jina la Dadi Kondo. Likaja mara mia mbili na kumi na saba, kutoka la kwanza kabisa mpaka la Ijumaa, yote kwa herufi zile zile, na mtu asingeweza kuona ni wapi mkono ulibadilika. Hivyo ndivyo jina linavyotakiwa kufanya.

Kisha akatafuta Faraja Kondo.

Lilikuja mara moja tu. Lilikuwa ndani ya barua yake ya jana kwa Anastasia, katikati ya sentensi iliyosema kwamba amekufa. Mwanvita alikaa mbele yake muda mrefu. Mpangaji akabisha kuuliza kama leo maji yanatoka. Akamjibu kwamba yanatoka, na alipojisikia sauti ikigoma katikati ya neno, akageuza uso ukutani asionekane.